Filimbi ya Ugali Iliyosikika Njoro

Nyumba ya Nne, Mlango wa Pili,
Bondeni, Nakuru.
Jumatano, tarehe 14 Agosti 1957

Kwa Shemeji yangu Mheshimiwa, Bwana Owuor,
Karani wa Baraza, Ahero.

Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama mkwe na watoto, na kwamba mvua ya huko haijawazidi. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma hapa chini, na nakuomba uyasome ukiwa umeketi.

Nimepata habari kupitia kwa jirani kwamba Jumamosi hii utapanda treni kuja Nakuru kumchukua dada yako Awuor, mke wangu wa miaka kumi na moja, umrudishe Ahero, kwa sababu mimi Nicodemus Khisa, faiamani wa reli, nampigia mwanamke mwingine filimbi. Sikatai kwamba filimbi ilipigwa. Nakataa kwamba inajulikana ilipigiwa nani. Kati ya mambo hayo mawili kuna hewa, Shemeji, na hewa ndiyo ninayoishtaki mbele yako leo kwa heshima zote, maana wewe ni mtu wa baraza na umezoea kusikiliza pande mbili.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, usije ukasimuliwa na watu wa kutia chumvi.

Unajua kazi yangu ni kutunza moto wa injini. Dereva wangu, Sardar, ni mtu mwema, na tukikaribia nyumbani huniachia kamba ya filimbi. Tukifika kona ya mwisho kabla ya Nakuru, karibu maili moja kutoka Bondeni, mimi huvuta hivi: fupi, fupi, kisha ndefu inayoshuka mwishoni, kama mtu anayekaa kitini baada ya kazi. Hiyo ni filimbi ya Awuor. Huku kwetu kila mtu wa injini ana yake na kila mke anaijua ya mumewe. Akiisikia anateleka maji ya ugali, na mimi nikishafunga kazi na kunawa masizi, nakuta mwiko uko ndani ya sufuria. Mke wa mwenzangu hawezi kuteleka kwa filimbi yangu, wala Awuor hawezi kuteleka kwa ya mwenzangu. Ndiyo sheria ya Bondeni ingawa haijaandikwa popote.

Sasa, Jumamosi ya tarehe tatu, Awuor alikwenda Njoro kununua viazi. Alipochoka aliketi kwenye kibanda cha mama mmoja anayeitwa Jerop, muuzaji wa maziwa lala na viazi vya kuchemsha karibu na stesheni. Treni yetu ya mizigo ikawa inateremka kutoka Molo. Nikavuta kamba. Fupi, fupi, ndefu inayoshuka. Na dada yako, akiwa pale na kikapu chake miguuni, akamwona Jerop anainuka, anapangusa mikono kwenye leso na kuteremsha kibuyu.

Awuor aliinua kikapu chake. Alirudi Bondeni, akahamisha blanketi lake na sufuria kubwa hadi mlango wa tatu kwa Nasimiyu, mjane tunayesali naye, na tangu siku hiyo mimi nakula mkate na chai ya rangi. Akiwa na neno na mimi humtuma Nasimiyu, ingawa ukuta unaotutenga na mlango wa tatu ni wa tofali moja na haufiki kwenye bati. Aliyejenga nyumba hizi aliacha nafasi ya mkono mzima huko juu ili hewa ipite. Kwa hiyo hata kwenye ndoa yangu, hewa imetengewa njia zaidi kuliko mimi.

Shemeji, mimi si mtu wa kubisha bila elimu. Kila Jumanne na Alhamisi jioni nahudhuria darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, kwa Mwalimu Kimaiyo, na muhula huu tunafundishwa jinsi sauti inavyosafiri hewani. Yeye ndiye pia aliyetufundisha kuandika huku tukitamka kila neno kwa nguvu, maana anasema neno likipita mdomoni kwanza, mkono haulikosei. Ndivyo ninavyoiandika barua hii, nikiwa peke yangu hapa mezani saa tisa za alasiri, siku yangu ya mapumziko. Kila utakachosoma nimekipima kwanza kwa masikio yangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sauti haina anwani. Mwalimu alituuliza: mtu akipiga kelele huku, ni kitu gani kinachokwenda kule? Wengine wakasema pumzi. Mimi nikasema upepo. Sote tulikosa. Anasema hakuna kinachosafiri ila msukumo tu, hewa inaisukuma hewa. Wenzangu walikuna vichwa, lakini mimi nilielewa papo hapo, kwa sababu jambo hilo nimelitazama stesheni maisha yangu yote. Mabehewa ishirini yamesimama kwenye reli. Injini inagonga la kwanza. La kwanza linagonga la pili, la pili linagonga la tatu, na mgongano unakimbia ta-ta-ta mpaka la ishirini, ambalo linaruka na kumwamsha mlinzi aliyelala ndani yake. Lakini behewa la kwanza halikwenda kwa mlinzi. Limesogea inchi chache, likarudi mahali pake.

Hewa ni hivyo hivyo, isipokuwa mabehewa yana reli na hewa haina. Mwalimu aliangusha kokoto kwenye karai la maji, tukaona duara zikienda pande zote mpaka ukingoni, hata upande ambao hakuna aliyezihitaji. Sasa niambie, wewe mtu wa baraza, mimi niliyeshika kamba nitaiambiaje duara iende kwa Awuor isiende kwa Jerop? Juu ya bahasha hii nimeandika jina lako. Kwenye filimbi hakuna mahali pa kuandika jina.

2. Filimbi ya Njoro nilimpelekea Awuor mwenyewe, na hakuwapo kuipokea. Kutoka Njoro mpaka hapa ni kama maili kumi na mbili. Sauti hukimbia futi elfu moja na mia moja kila sekunde, ndivyo tulivyoandikiwa ubaoni. Nimepiga hesabu, nikarudia, na chai yangu ikapoa nikiirudia, na jawabu ni kwamba filimbi ile ingefika mlangoni pa Awuor kwa dakika moja kasoro kidogo. Ilikuwa taarifa ya mapema. Mume mwema hutoa taarifa. Basi taarifa inaondoka Njoro kwenda Bondeni, na mwenye kupelekewa yuko wapi? Yuko Njoro, kitini, anaitazama ikimpita. Aliihama anwani yake bila kuniarifu, halafu mimi ndiye nishtakiwe. Jerop yeye alikuwa njiani tu. Treni ikikata shamba la mtu, hatumwiti mtu huyo mwizi wa treni.

Nasimiyu amekohoa huko ng'ambo. Baridi ya Agosti inawasumbua wenye vifua.

Najua kuna watakaosema filimbi haiwezi kusikika maili kumi na mbili. Kweli, duara za karai zilikuwa zinadhoofika kadiri zinavyokwenda. Lakini nilimwuliza Mwalimu mbele ya darasa zima sauti inafia shamba la nani hasa kati ya Njoro na Nakuru, akaniambia muda umekwisha, tufunge madaftari. Ikiwa mwalimu mwenyewe hajui inapofia, dada yako amejuaje kwamba haikufika?

3. Kama kusikia ni kuitwa, basi nimewaita wengi. Siku ile pale Njoro filimbi ilisikiwa na stesheni masta, na wapakiaji wanne wa magunia ya ngano, na katekista mmoja aliyekuwa anaziba pancha ya baiskeli, na ng'ombe wasiopungua themanini wa mkulima wa kizungu, na punda. Wote niliwaona kwa macho wakigeuka. Punda aliinua masikio yote mawili. Kwa kipimo cha dada yako, wote hao nimewaposa, na katekista ana mke.

Si hayo tu. Siku hewa ikitulia, nikipiga filimbi pale kona ya mwisho, Menengai hunirudishia. Naisikia inakuja kutoka mlimani, fupi, fupi, ndefu inayoshuka, inanijia mimi mwenyewe niliyeipiga. Je, niliwahi kuinuka nikateleka maji? Sikuwahi. Nilijua si yangu. Jerop hakujua, na mtu haadhibiwi kwa kutojua, wala mume wa mtu mwingine haadhibiwi kwa kutojua kwake.

4. Nimefanya uchunguzi wangu. Sikutaka kutegemea ubao peke yake. Jumapili iliyopita baada ya ibada nilimwomba Nasimiyu, ambaye bado ananisalimia, asimame penye bomba la maji na debe na fimbo. Mimi nikaenda mpaka ule mwisho wa uwanja, penye ua wa reli, hatua mia nne nilizozihesabu. Akapiga. Shemeji, niliiona fimbo inashuka kimya, halafu ndipo debe likalia. Yaani mtu anaonekana amekwisha piga, na kishindo bado kiko njiani. Nilishangaa mpaka nikamwashiria arudie mara tisa. Hilo la kuona kabla ya kusikia sina haja nalo katika kesi hii. Nimelitaja kwa ajili ya elimu tu.

Kwenye mara ya kumi walikuja askari wawili. Siku hizi za hali ya hatari debe halipigwi ovyo, nao walitaka kujua ishara ile anapewa nani na yuko msitu gani. Niliwaeleza habari za duara na mabehewa kwa utaratibu, kama nilivyokueleza wewe. Walisikiliza vizuri, wakaondoka na fimbo na debe. Sasa zingatia hapo. Debe lilipigiwa mimi, likaitikiwa na serikali. Hata hivyo hakuna mtu hapa Bondeni aliyesema Nasimiyu ana mambo na serikali. Haki hiyo aliyopewa Nasimiyu ndiyo ninayoiomba na mimi.

5. Nasingiziwa mazoea na Jerop. Sina mazoea naye. Injini yetu haikai Njoro zaidi ya dakika ishirini, na mimi sishuki. Mama yule ni mtu mzima mwenye wajukuu wanne. Anachojulikana nacho ni kibuyu, ambacho hukisugua kwa majivu ya mti asioutaja kwa mtu, na maziwa yake hutoka mazito na baridi, yana ukali kidogo mwishoni, ukiinamisha kikombe yanafikiri kwanza ndipo yanakuja. Viazi vyake havipasuki. Hayo nayajua kwa kusikia tu, maana mtu wa reli husikia mengi. Watu wanasema pia kwamba kigoda chake cha pili kina mguu mfupi, inabidi uegemee upande wa mlango, na hapo paja la kushoto linakufa ganzi.

Ng'ambo ya ukuta kuna kitu kimeanguka. Nadhani ni kifuniko cha sufuria kubwa.

6. Maombi yangu kwa baraza. Naomba kwanza hewa iitwe mbele ya wazee ijibu, na ikishindwa kufika kwa sababu tayari imo ndani, iandikwe kwamba ilikuwapo na haikujitetea. Pili, ili jambo hili lisitokee tena, nitawaandikia wakubwa wa reli wanipe bomba la chuma, mdomo mmoja kwenye filimbi na mdomo mwingine kwenye dirisha la Awuor, ili duara zisipate nafasi ya kutangatanga. Nimekwisha ona shida yake, kwamba injini inatembea na dirisha halitembei. Basi wakishindwa kulirefusha bomba, nyumba yetu ihamishwe ikae penye kona ya mwisho. Na nyumba ikikataa kuhama, Awuor apande injini, akae kati yangu na Sardar, niwe namwambia kwa mdomo kwamba tumekaribia ateleke maji. Sardar amekubali, mradi asiguse vipimo vya mvuke. Nimefikiria pia habari ya kumhamisha Jerop kutoka Njoro, lakini nimeona itakuwa ni kumwonea.

7. La mwisho si lalamiko, ila sijui niliweke wapi. Nimetazama zamu zangu kwenye ubao. Jumamosi nimepangiwa treni ya abiria ya kwenda Kisumu. Ndiyo hiyo mtakayopanda. Wewe na Awuor mtakaa behewa la tatu na kikapu na blanketi na ile sufuria kubwa, na mimi nitakuwa mbele nikitunza moto unaowavuta. Nikiupunguza, treni itachelewa na Sardar ataandikwa. Nikiuongeza, atafika kwenu upesi zaidi. Kila nikigeuza mkono ni mimi mwenyewe ninayemwondoa.

Na tukifika ile kona, Shemeji, sijui nitafanya nini na kamba. Mwenye filimbi atakuwa nyuma yangu na nyumbani hakutakuwa na mtu. Naogopa. Sijawahi kumwambia dada yako, na wewe usimwambie, kwamba kazi hii ya moto inakausha macho na kuchosha mabega, na tangu tunapoondoka stesheni ya Londiani kinachonisimamisha ni kujua kwamba mji mzima wa Nakuru utaisikia filimbi yangu, na katika mji mzima atakayeinuka ni mmoja. Miaka kumi na moja sikumwambia, kwa sababu nilidhani filimbi inamwambia. Asipokuwapo mimi nitakuwa napoteza mvuke wa watu bure.

Huko ng'ambo pamekuwa kimya. Labda wamekwenda bombani.

Kwa hayo yote nakusihi uiahirishe safari yako mpaka hewa isikilizwe. Nisalimie mama mkwe kwa unyenyekevu, umwambie magoti yake nayaombea kila Jumapili. Nisalimie mama watoto wako na watoto wote, yule mkubwa umwambie ashike kitabu. Nisalimie wazee wa baraza, hata wale watakaonihukumu. Nisalimie mwalimu wa shule, na watu wa duka la unga, na yule jirani yenu aliyenikopesha mwavuli siku ya harusi, mwavuli wake bado ninao. Samaki wakavu wa mwezi uliopita walifika wazima na tuliwafurahia, wakati bado tulikuwa sisi wawili.

Ni mimi shemeji yako mtiifu, nisiye na kosa mpaka hewa itakapokiri,
Nicodemus Khisa,
Faiamani.

Baada ya sahihi:

Shemeji, mambo yamegeuka kabla wino haujakauka. Nilipomaliza tu kutamka neno Faiamani, Awuor aliniambia kutoka mlango wa tatu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba duara zinapita juu ya ukuta pia. Ameisikia barua yote tangu tarehe. Nasimiyu naye ameisikia, kile kikohozi kilikuwa kicheko. Na watu wa mlango wa nne wametuma kuniuliza kama kigoda cha Jerop kina miguu mitatu au minne.

Dada yako ameniambia nisifunge bahasha, niandike na maneno yake, na nitamke ninapoandika ili ahakikishe. Basi haya ndiyo maneno yake.

Anasema kwanza hajawahi kuteleka maji kwa sababu ya filimbi. Miaka yote hii, ikikaribia saa kumi, husimama pale bombani anatazama upande wa kona. Anauona mvuke mweupe unaruka juu ya miti, anageuka, anaingia jikoni, anaweka sufuria motoni, naye anahesabu moja mpaka tano. Kwenye tano ndipo filimbi inafika, na inakuta maji yameshatelekwa. Anasema hakuhitaji darasa la Mwalimu kujua kwamba mvuke unakuja kabla ya sauti. Kila mwanamke wa Bondeni anajua. Ndiyo maana hata siku mvua inapopiga bati na mtu hasikii jina lake, mimi sijawahi kukuta jiko limelala, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza kwa nini. Kwa hiyo lalamiko la kwanza mpaka la nne linaanguka, na hewa haina kosa lolote. Naiomba radhi.

Anasema tena kwamba yeye hakumwonea Jerop wivu hata dakika moja, mwanamke mwenye wajukuu wanne. Kilichomwuma ni ugali. Tangu mwezi wa tano nabakiza nusu kila siku na kusema moto umenikausha koo, naye akafikiri ni mkono wake umeharibika. Alibadilisha unga mara mbili. Alimwuliza Nasimiyu amfundishe ule wa kwetu Kimilili wenye wimbi, akajifunza, na huo pia niliubakiza. Alikaa na aibu hiyo peke yake miezi mitatu. Halafu siku moja anaketi Njoro apumzike, anasikia filimbi yake mwenyewe, anaona kibuyu kinateremshwa, na hapo ndipo anajua ile nusu ya tumbo langu anaijaza nani.

Shemeji, hapo niliacha hesabu. Nilisema nimekosa. Akaniambia niandike. Nimekosa. Nilimfundisha Jerop filimbi ile mwenyewe, kwa mdomo, nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda, ili nikute maziwa yamekwisha miminwa na dakika ishirini zisipotee.

La mwisho ni lile neno nililokuambia usimwambie. Anasema amelisikia vizuri kuliko yote, na siku nyingine angependa apelekewe yeye, asiwe anaokota maneno yake njiani. Hapo kidogo sauti yake haikuwa ya kawaida. Halafu nikasikia blanketi linakung'utwa.

Sasa ninavyoandika amerudi mlango wa pili. Sufuria kubwa nayo imerudi, iko jikoni nyuma ya nyumba na maji yameanza kulia. Kwa hiyo usijisumbue na safari ya Jumamosi. Ukiwa na samaki, mpe gadi wa treni, atatufikishia. Masharti yake ni mawili tu: Njoro nipige ile moja ndefu ya sheria ya stesheni, nyingine hapana, na nisirudi nyumbani nimeshiba. Nimeyakubali yote mawili mbele ya milango mitatu.

Baada ya hiyo:

Mistari hii naiandika kimya, kinyume cha mafundisho ya Mwalimu Kimaiyo, kwa hiyo unisamehe pakiwa na makosa. Kuhusu Njoro, neno langu ni neno langu, filimbi sitapiga. Lakini nimekumbuka lile jambo la debe, ambalo nilidhani halina kazi. Kinachoonekana hufika kabla ya kinachosikika, wala hakipandi juu ya ukuta wa mtu. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo nitamwomba Jerop atazame dirisha la injini, na akiona nimetoa kofia, ateremshe kibuyu. Nitakunywa kikombe kimoja tu, kisiguse nafasi ya ugali. Hili ni kati yako na mimi kama wanaume, na hakuna duara yoyote itakayo

Shemeji, Awuor ameita kutoka jikoni. Anauliza mbona nimenyamaza.

Njoo tu Jumamosi, kama ulivyopanga.